Programu imesema nina nakala 41,000. Nifute?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa kwaya yetu hapa Dodoma mjini, na picha zote za ukoo nazo huishia kwangu. Vitu viko hivi: eksteno (diski ya nje ya kompyuta) ya 1TB imejaa hadi 870GB, eksteno ya zamani ya 500GB ina 410GB na siku hizi inachelewa kufunguka, laptopu ina 180GB, flashi tatu na memori kadi tano za kamera jumla kama 150GB, WhatsApp ya simu yangu 22GB, na DVD thelathini za harusi, kipaimara na matamasha ya kwaya, nyingi nilishazikopi kwenye ile eksteno kubwa. Mpwa wangu aliniwekea programu ya kutafuta nakala, ikaonyesha 41,000. Tukafuta kama 3,000 za mwanzo, ikaachia nafasi kubwa sana, nikafurahi. Wiki iliyofuata nafungua harusi ya mdogo wangu, inaanzia watu wanatoa zawadi. Kanisani hakuna, keki hakuna. Kipaimara nacho hivyo hivyo. Je, programu ni mbovu? Vilivyopotea vinarudi? Na hizi 38,000 zilizobaki nizifute au niziache? Mume wangu anasema nipandishe kila kitu Google halafu nifute vyote. Naogopa, maana picha za marehemu mama ziko humo humo."

Pole, dada. Kabla hujaendelea kusoma, kachomoe hiyo eksteno ya 1TB na uiweke kando. Usiingize kitu kipya humo, usiendeshe programu yoyote juu yake, na mpwa asijaribu "kurekebisha". Faili linapofutwa kwenye eksteno ya kawaida, ile yenye sahani inayozunguka ndani, data yenyewe haiondoki papo hapo. Kinachofutwa ni kumbukumbu ya mahali lilipokaa, na nafasi yake inahesabiwa kuwa iko wazi. Data inabaki pale mpaka kitu kingine kije kikalie juu yake. Ukiweka leo nyimbo za mazoezi humo, zinaweza kukalia dakika ile ile ambayo mdogo wako alikuwa anavishwa pete.

Programu si mbovu. Maelezo yako yanaonyesha kwamba iliwekwa ilinganishe mafaili kwa jina na ukubwa, bila kuyafungua kuona kilichomo. Kwa DVD hayo ni maangamizi. Fungua DVD yoyote ya harusi kwenye kompyuta utakuta folda inaitwa VIDEO_TS, na ndani yake video imekatwa vipande: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB, VTS_01_3.VOB na kuendelea. Majina hayo hayachagui mpiga video. Ni kanuni ya DVD popote duniani, kwa hiyo harusi ya Nkuhungu na kipaimara cha Kondoa vina mafaili ya majina yale yale. Ukubwa nao una kanuni yake. Kipande kimoja hakitakiwi kuzidi 1GB, na programu za kutengeneza DVD hukijaza hadi pomoni, mara nyingi baiti 1,073,739,776 kamili. Hapo unakuwa na mafaili ishirini yenye jina moja na ukubwa unaolingana hadi baiti ya mwisho, na kila moja ni sherehe ya mtu mwingine. Programu ikabakiza moja, ikafuta kumi na tisa.

Ndiyo maana harusi inaanzia kwenye zawadi. Kipande cha mwisho ndicho pekee kisichojaa, na kwa kuwa kila DVD ina cha ukubwa wake, hicho kilisalimika. Siku utakayoichomeka tena eksteno utaona folda zilizodhurika zina VTS_01_4.VOB au VTS_01_5.VOB lakini hazina 1, 2 wala 3. Huenda pia ukakuta DVD moja iko nzima kabisa: hiyo ndiyo programu iliyoihesabu kuwa ya asili. Na ile nafasi iliyokufurahisha ilitoka huko huko, maana DVD ishirini kwa vipande vitatu vya 1GB ni karibu 60GB.

Kwa picha, hofu yako ipunguze kidogo. Ni kweli kamera hurudia majina: hesabu ya DSC_0001 ikifika DSC_9999 inaanza upya, na kamera mbili tofauti zote zinaweza kuwa na IMG_0457. Lakini picha mbili tofauti za JPEG, yaani aina ya kawaida ya faili la picha, kuwa na jina moja na pia ukubwa sawa hadi baiti ni jambo la nadra, kwa sababu ukubwa wa JPEG hutegemea kilichopigwa. Kwa hiyo kati ya zile 3,000, picha zilizofutwa nyingi zaidi zilikuwa nakala za kweli. Hasara yako kubwa iko kwenye video.

Na video nyingi zitarudi bila utaalamu wowote, maana DVD zenyewe unazo. Zitoe zote thelathini, hata zile unazodhani ziko salama. Futa kila moja kwa kitambaa laini kikavu, ukivuta kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, maana vumbi letu la kiangazi ni mchanga, na mkwaruzo unaofuata duara husumbua usomaji kuliko unaokatiza. Nakili folda ya VIDEO_TS nzima kama ilivyo, uiweke ndani ya folda yenye jina la tukio, kwa mfano 2013-09_harusi_Mpwapwa. Usibadilishe jina la faili lolote lililomo. DVD ikikwama katikati, jaribu draivu nyingine kabla ya kukata tamaa. Draivu hutofautiana sana kwa uvumilivu, na ya kompyuta kubwa ya zamani pale steshenari inaweza kusoma iliyoishinda ya laptopu. Fanya kazi hii mwaka huu. DVD za kuchomwa huhifadhi data kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na mwanga na joto. Diski iliyokaa juu ya kabati karibu na bati, Dodoma hii, haina umri mrefu.

Kwa vile ambavyo havimo kwenye DVD, angalia kwanza pipa la taka la Windows eksteno ikiwa imechomekwa; vilivyofutwa kwenye eksteno mara nyingi hupitia humo, tofauti na vya flashi, ambavyo huondoka moja kwa moja. Kama pipa ni tupu, kuna programu mbili za bure za kundi moja, TestDisk na PhotoRec. Anza na TestDisk, kwa sababu ikifanikiwa inarudisha faili pamoja na jina lake na folda yake. PhotoRec inachimba zaidi, lakini inarudisha vitu bila majina, maelfu ya f1234567.jpg yaliyochanganyika na vipicha vidogo na takataka, na video ndefu huweza kutoka zimekatika. Kwa zote mbili sharti ni moja: vinavyookolewa vihifadhiwe kwenye diski nyingine. Kuviandika kwenye eksteno ile ile unayoiokoa ni kujaza kisima unachokichimba.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni ile eksteno ya 500GB "inayochelewa kufunguka". Umeitaja kwa kupita tu, ilhali ndiyo mgonjwa mahututi. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, uangalie mistari ya 05, C5 na C6. Hiyo inahesabu sehemu za diski ambazo zimekufa au zinakaribia kufa. Programu ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, au ukisikia mlio wa tik-tik-tik unaojirudia, usiendeshe ukarabati wa diski wa Windows, maana humlazimisha mgonjwa akimbie. Kama inanakilika, inakiliwe ya kwanza kabla ya zote, vitu vya thamani mbele: picha za mama, kisha video za kwaya, kisha vinginevyo. Kama ina mlio, au kompyuta haiioni kabisa, izime na uende kwa fundi. Nitarudi kwenye suala la fundi.

Sasa mpangilio wa kazi yenyewe. Watu wengi hufanya mlivyofanya: eksteno imejaa, wanafuta ili wapate pa kukusanyia. Ni kinyume. Kusanya kwanza vyote mahali pamoja, ndipo ufute, kwa sababu uamuzi wa kwamba hii ni nakala ya ile unahitaji zote mbili ziwe mbele yako. Kwa hesabu zako, 870 na 410 na 180 na 150 na 22, jumlisha DVD kama 130GB, unafika 1,762GB. Diski inayouzwa kama 2TB Windows huionyesha kuwa na takriban 1,862GB, maana kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Zingebaki 100GB tu za kupumulia, hazitoshi. Nunua moja ya 4TB ya kukusanyia. Baada ya usafi kila kitu huenda kikaenea kwenye 2TB, na hapo ndipo utanunua ya pili.

Chagua eksteno ndogo ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB. Ile kubwa yenye adapta ya ukutani, umeme ukikatika inazimika katikati ya kuandika, wakati ndogo inaendelea kuishi kwa betri ya laptopu. Kwa sababu hiyo hiyo fanya kazi hii kwenye laptopu yenye betri nzima. Kompyuta ya mezani bila UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika, iache. Na ujihadhari na flashi au eksteno ya 2TB inayouzwa kwa bei ya kreti mbili za soda. Nyingi zimechezewa zidanganye ukubwa: ndani kuna 32GB au 64GB, zikijaa zinaendelea kupokea mafaili kwa adabu zote huku zikiandika juu ya yale ya mwanzo. Majina utayaona, picha hazifunguki. Programu ya H2testw huijaza diski nzima kisha kuisoma tena, nayo haidanganyiki. Kwa 4TB kwa kasi ya 100MB kwa sekunde ni kama saa 11 za kuandika na nyingine kama hizo za kusoma. Ni muda mrefu, lakini ni bora kuliko kugundua mwakani. Dai risiti na dhamana dukani.

Ndani ya eksteno mpya tengeneza folda MAKUSANYO, na ndani yake folda moja kwa kila chanzo: EKSTENO_500, EKSTENO_1TB, LAPTOPU, FLASHI_1, KADI_1 na kuendelea. Usipange chochote kwa sasa, usibadilishe majina, nakili tu kama kilivyo. Kuburuta kwa mshale hufaa kwa vitu vichache, lakini mafaili laki moja yakikwama katikati hutajua lipi limefika. Windows ina chombo chake, robocopy, kinachokubali kuendelea palipokatikia. Ikiwa eksteno ya zamani ni F na mpya ni G, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike:

robocopy F:\ G:\MAKUSANYO\EKSTENO_500 /E /COPY:DAT /DCOPY:T /R:1 /W:1 /XJ /A-:SH /LOG:G:\eksteno500.txt

Hapo inabeba folda zote na tarehe zake, na ikikutana na faili lililokataa inajaribu mara moja zaidi kisha inaendelea, badala ya kurudia mara milioni kama ilivyo kawaida yake. Sehemu ya /A-:SH iko pale kwa sababu ukinakili kutoka mzizi wa diski, folda mpya huweza kufichika ukadhani kazi imepotea. Umeme ukikatika, rudia amri ile ile. Itaruka yaliyokwisha kufika. Mwishoni fungua ile ripoti ya maandishi: safu ya FAILED isomeke 0, na kama si 0, majina ya yaliyoshindikana yako humo. Usije ukaongeza /MIR kwa kuwa umeiona mahali. Hiyo hufuta kwenye diski mpya kila kisichokuwepo kwenye chanzo. Chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lina ulimi wa bluu. Kwa USB 2 mzigo wako wote ungechukua saa 14 au zaidi. Kwa USB 3, tano hadi nane, kutegemea wingi wa mafaili madogo.

Flashi zina ugonjwa wake, na hapa kwetu ni nadra kukuta flashi iliyozunguka steshenari bila kuupata. Unaifungua, unakuta folda zako zimegeuka njia za mkato, au haina kitu kabisa ilhali Windows inasema 14GB zimetumika. Virusi vimezificha folda za kweli na kuweka vishawishi mahali pake. Usibofye vishawishi, na usiifomati. Endesha antivirusi kwanza, kisha, ikiwa flashi ni H:

attrib -h -s -r H:\* /s /d

Folda zitajitokeza, wakati mwingine ndani ya folda moja isiyo na jina. Ndipo unakili.

Memori kadi za kamera ya video nazo ni kama DVD. Ukikuta PRIVATE, ndani yake AVCHD, kisha BDMV na STREAM, yenye mafaili 00000.MTS, 00001.MTS, nakili kadi nzima na usitoe kipande kimoja kimoja. Kamera hizo hukata rekodi ndefu kila inapofika 2GB au 4GB, hata katikati ya ubeti, na taarifa za kuunganisha vipande ziko kwenye folda za pembeni ambazo watu huzitupa kwa kudhani ni uchafu.

Kila chanzo kikishanakiliwa, vyanzo vyenyewe vifungwe visiguswe. Hapo tu ndipo tunaingia kwenye nakala zako 38,000. Jibu la kama uzifute: tupa orodha hiyo, anza upya kwa kipimo kingine.

Kipimo ninachokusudia husoma faili lote, baiti kwa baiti, na kulikokotoa hadi kupata namba moja ndefu, kama alama ya kidole. Mafaili mawili yakiwa na alama moja, kwa matumizi yetu ni faili lile lile hata kama moja linaitwa DSC_0123 na lingine "mama krismasi". Badilisha nukta moja ya picha, alama inakuwa nyingine kabisa. Czkawka na dupeGuru, zote za bure, hufanya hivyo. Kwenye Czkawka chagua kutafuta nakala kwa heshi (Hash), ndiyo hiyo alama ya kidole, acha kabisa jina na ukubwa. Elekeza kwenye MAKUSANYO, lakini kabla ya kubonyeza ondoa kwenye utafutaji folda zote za VIDEO_TS na AVCHD. Hata kipimo hiki cha haki kitazidhuru: kila DVD ina mafaili ya IFO na nakala zake za BUP, yanayolingana kabisa kwa makusudi, ili moja likiharibika lingine lisomwe. Programu itasema kweli kwamba ni nakala, na bado hutakiwi kuzifuta. DVD zilinganishe kwa macho, folda kwa folda.

Matokeo yakija, usitumie kitufe cha kuchagua zote isipokuwa moja. Hakijui kwamba picha ile ile iko kwenye folda "2016-12-25 Mvumi" na pia kwenye "New folder (3)", kinaweza kubakiza ya pili, na ukapoteza kitu ambacho picha yenyewe haina: jina la tukio lililoandikwa na mtu aliyekuwepo. Chagua kwa folda. Sema vya FLASHI_1 vyote vyenye pacha kwenye EKSTENO_1TB viondoke, kisha FLASHI_2, na kuendelea. Na kuondoka kuwe ni kuhamia folda nyingine, iite KARANTINI, kwenye diski hiyo hiyo. Kaa nayo miezi mitatu ukiwa unatumia mkusanyiko kama kawaida. Kama hakuna kilichotafutwa kikakosekana, ifute.

Kuna jozi zinazofanana machoni ambazo si nakala, zisitenganishwe. Picha ya iPhone inayocheza sekunde chache ni mafaili mawili, HEIC ya picha na MOV ya video, yenye jina moja. Kamera nzuri hutoa picha ghafi na JPEG yake kwa pamoja. Ghafi ni kubwa na haifunguki kila mahali, lakini ndiyo hasi yako, kama zile za enzi za filamu. Kwa upande mwingine, Thumbs.db, desktop.ini na folda ya .thumbnails ya simu ni takataka halali. Futa bila kuuliza.

Sasa tufike penye kazi ngumu, WhatsApp. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa: ile ya pikseli 4000 kwa 3000 hufika ikiwa na kama 1600 upande mrefu, na taarifa zake za ndani, tarehe ya kupigwa na kamera iliyotumika, zimeondolewa. Kwa kipimo cha alama ya kidole hiyo ni picha nyingine, haitaonekana kama nakala hata ukirudia mara mia. Ndipo inapohitajika aina ya pili ya utafutaji, wa picha zinazofanana. Programu huipunguza kila picha hadi miraba midogo michache, 8 kwa 8 au 16 kwa 16, kisha hulinganisha penye mwanga na penye giza. Inanasa picha ya WhatsApp na ile ya asili iliyoizaa vizuri sana. Pia inanasa picha tano za kwaya zilizopigwa mfululizo, ambazo katika moja tu mwimba solo hajafumba macho. Kwa hiyo weka kiwango cha juu kabisa cha kufanana, na kila kundi ulitazame kwa macho yako kabla ya kuhamisha chochote. Fanya makundi 200 kwa jioni moja, usizidishe. Jicho lililochoka hubonyeza ndiyo tu.

Ya kubaki ni yenye pikseli nyingi, na si lazima iwe yenye MB nyingi. Mtu akiifungua picha ya WhatsApp kwenye programu ya kuhariri na kuihifadhi kwa ubora wa juu, inanenepa bila kuongeza chochote. Na jina IMG-20190614-WA0012 linakuambia siku picha ilipopita WhatsApp, yaani 14 Juni 2019. Inaweza kuwa ya mwaka 1984 iliyopigwa tena kwa simu kutoka albamu ya karatasi. Picha za mama za namna hiyo usiziondoe hata moja mpaka utakapoipata iliyo bora. Mara nyingi ya asili ilikuwa kwenye simu ya shangazi fulani ambayo haipo tena. Na kama albamu ya karatasi ipo, kuiskani upya kwa nukta 600 kwa inchi kutakupa zaidi ya unachokipata kwenye simu zote za ukoo. Siku zijazo, picha zinazotakiwa kutunzwa mtumiane kama dokumenti. Hapo WhatsApp haizigusi.

Nyimbo za MP3 za kwaya hazihitaji maneno mengi. Kuandika jina la mwimbaji ndani ya faili hubadilisha alama ya kidole, kwa hiyo nakala za wimbo mmoja huonekana tofauti. Tumia utafutaji wa muziki, kisha bakiza wenye kiwango kikubwa cha kilobiti kwa sekunde (kbps). Kwa 128 dakika moja ni karibu 1MB, kwa 320 karibu 2.4MB. Ila kuna mafundi wanaogeuza 128 kuwa 320 na kuuza kama "HD"; hiyo ni kumimina kikombe cha uji kwenye sufuria.

Kupanga kuje mwisho, na kuwe kwepesi: folda ya mwaka, ndani yake folda za matukio zinazoanza na tarehe kwa mtindo wa 2016-12-25, maana hivyo zinajipanga zenyewe. Kama kamera ilipoteza saa betri ilipokufa na picha zote zinasema 1 Januari 2010, tafuta moja ambayo siku yake unaijua kwa hakika, hesabu tofauti, kisha usogeze zote kwa kiasi hicho kwa programu ya digiKam au ExifTool. Fanya hivyo baada ya kuondoa nakala, kwa sababu kusogeza tarehe nako hubadilisha alama ya kidole.

Kuhusu Google, mumeo ana nusu ya haki. Nafasi ya bure ni 15GB, inayogawanwa na barua pepe zako. Ule wakati wa kupandisha picha bila kikomo ulikwisha 1 Juni 2021. Hata ukilipia, 800GB kwa kasi halisi ya 5Mbps ya kupandisha ni siku 15 mfululizo, na bando lake ulijue mwenyewe. La hatari zaidi ni kwamba ukifuta picha ndani ya Google Photos kwenye simu inayooanisha, inaondoka kwenye simu pia. Pipa lake hutunza siku 60, basi. Hivyo ichukulie kama nakala ya ziada ya vile visivyo na mbadala. Picha zote za mama huenda hazizidi 3GB. Zipandishe hizo wiki hii, kabla ya kazi nyingine yote, na uziache huko.

Nakala ya pili ya mkusanyiko mzima iwe eksteno nyingine, ikiwezekana ya chapa tofauti na isiyonunuliwa siku moja na ya kwanza, ikae nyumba nyingine. Kwa ndugu Kongwa au Mpwapwa panafaa. Mwizi na moto wa nyumba moja havifiki huko. Ifungwe kwenye mfuko usiopitisha vumbi, mbali na bati na dirisha, na iletwe mara moja kwa mwaka ichomekwe na kuongezewa vya mwaka huo.

Ukifika kwa fundi na ile 500GB, muulize mambo mawili kabla hujamkabidhi. Kwanza, je, atatengeneza nakala nzima ya diski kwenye diski nyingine na kufanya uokoaji kwenye nakala hiyo? Akisema anaokoa moja kwa moja kutoka kwenye mgonjwa, shukuru uondoke. Pili, je, ana mpango wa kuifungua? Sahani za ndani hazivumilii chembe ya vumbi, na kufunguliwa kwake kunataka chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa. Meza ya dukani, feni ikizunguka na mlango uko wazi barabarani, inaimaliza kwa dakika moja. Kama data iliyomo inastahili gharama ya chumba hicho, itabidi isafirishwe. Kama haistahili, ifunge, iandike "usifute", na uiweke. Diski isiyochomekwa haiendelei kujichakaza kama inayolazimishwa kuzunguka.